Usimfunge kamba mlinzi wa moto

Huenda jina la Lokitaung unalikumbuka kutoka darasani tu. Mwalimu wa historia alikwambia kwamba huko ndiko serikali ya kikoloni ilikomfungia Mzee Jomo Kenyatta na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria ya 1953, ukaandika kwenye daftari, ukafaulu mtihani, ukasahau. Ni wachache wetu wanaojiuliza watu wanaoishi huko leo huhifadhi vipi maziwa, au mgonjwa wa kisukari huiweka wapi dawa yake ilhali hata kivulini joto hupita nyuzi 35. Mimi hujiuliza kwa sababu shangazi yangu anaishi huko. Alifundisha shule za msingi za Turkana Kaskazini kwa miaka mingi, akastaafu, na watoto wake walipomsihi ahamie Kitale au Nairobi aliwajibu kwamba hajaona kilichomshinda Lokitaung. Ana kisukari, na hujidunga insulini kila siku.

Insulini hupatikana Lodwar, na kutoka Lodwar hadi kwake ni safari ya kuchosha, seuze mito ya msimu inapofurika na kukata barabara. Kwa hiyo huletewa dawa ya miezi kadhaa kwa mara moja. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8, wala zisigande, kwani insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Paneli yake ya jua ni ndogo, inatosha taa na simu. Friji yake ni ya gesi.

Najua wapo watakaoshangaa. Friji ya gesi? Moto utoe baridi? Naam, ndivyo. Mnamo 1922 wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na mota wala umeme, na kampuni ya Electrolux ikaieneza duniani. Ndani ya mabomba yake yaliyofungwa kabisa mna maji, amonia na haidrojeni. Moto mdogo, wenye ukubwa wa kidole cha mtoto, huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hutoka ikiwa mvuke, ikapanda, ikapoa nyuma ya friji na kuwa kimiminika, kisha ikashuka ndani ambako hugeuka mvuke tena. Inapogeuka mvuke hunyonya joto la chakula na dawa. Halafu maji huipokea na safari huanza upya. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachonguruma. Kwa miaka mingi zahanati za mashambani nchini mwetu zilihifadhi chanjo kwa friji za namna hiyo, nyingi zikitumia mafuta ya taa.

Basi friji ya shangazi ilianza kujizima. Ukiiwasha inawaka, ukigeuza kisogo baada ya nusu saa unaikuta baridi, yaani baridi pale panapotakiwa moto, na joto pale panapotakiwa baridi. Nilipofika kumtembelea, jambo hilo lilikuwa limedumu wiki kadhaa, na nyumba nzima ilikuwa ikiishi kwa kuichungulia. Wajukuu walipewa zamu. Usiku shangazi aliamka mara mbili tatu na tochi kutazama kama kile kijimoto kingali hai. Tena alikuwa akilalamika kuumwa kichwa kila asubuhi, na sote tulidhani ni sukari.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, hodari wa simu na redio. Alisema mara moja kilichoharibika ni themokapo. Hebu nikueleze kifaa hicho, kwa maana ndicho kiini cha habari yangu. Themokapo ni kijiti cha metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha hiyo huchomwa na ule moto, na metali mbili zinapopata joto huzaa umeme kidogo mno, usiotosha hata kuwasha taa ya tochi. Lakini unatosha kushika sumaku ndogo inayozuia mlango wa gesi usifunge. Moto ukizimika, ncha hupoa, umeme hukoma, sumaku huachilia, na mlango wa gesi hujifunga wenyewe. Ndiyo maana unapoiwasha friji ya gesi huna budi kubonyeza kitufe na kuhesabu polepole hadi 20 au 30 ndipo uachilie. Unaisubiri ile ncha ipate moto.

Kijana akaagiza themokapo mpya kutoka Lodwar, shangazi akalipa. Friji ikawaka siku mbili, ikajizima. Akaagiza ya pili, shangazi akalipa tena. Ikawaka usiku mmoja. Hapo kijana akakuna kichwa, akatoa kipande cha waya mfukoni na kusema, kwa heshima zote, "Mwalimu, hiki kifaa ni cha kusumbua tu. Acha nikifunge kile kitufe na waya kibaki kimebonyezwa. Haitazima tena."

Sitamlaumu sana kijana huyo, na ndiyo sababu simtaji. Alikuwa ameona kwamba kila kitufe kikibonyezwa moto unabaki, na kila kikiachwa unakufa. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: kinachozima ndicho kibovu. Wangapi kati yetu tumefikiri hivyo hivyo? Fyuzi ikikatika mara tatu, mtu huweka waya mnene mahali pake. Bawabu akimzuia mgeni langoni, hufokewa bawabu.

Lakini tazama kitufe hicho kikifungwa kutatokea nini. Upepo wa Turkana si upepo wa kuchezea, na siku moja utazima moto huo. Mlango wa gesi utabaki wazi. Gesi tunayopikia ni nzito kuliko hewa, haipandi ikatoka dirishani bali hutambaa sakafuni na kujaa pembeni kama maji. Katika nyumba ya shangazi, watoto hulala kwenye mikeka sakafuni, na jiko la makaa liko chumba cha pili. Na hatari hiyo ni moja tu, kuna nyingine isiyo na harufu. Moto uliokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, habari tunazozisoma kila msimu wa baridi. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito.

Shangazi alimkatalia. "Mwanangu," alimwambia, "nimefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo bila kuunguza hata mmoja. Ondoa waya wako." Kisha akaizima friji kabisa, akafunga gesi kwenye mtungi, na kusema atamngoja mzee mmoja ambaye zamani alikuwa dereva na fundi wa misheni, na ambaye wakati huo alikuwa amekwenda Kakuma kwa mwanawe.

Utauliza, na insulini je? Swali zuri, kwa sababu hofu ya dawa kuharibika ndiyo ilikuwa karibu itufanye tukubali ule waya. Shangazi alichukua mtungi wa udongo, akauweka ndani ya mtungi mkubwa zaidi, akajaza mchanga katikati na kuumwagia maji asubuhi na jioni, juu akafunika kitambaa kilicholowa. Hewa ya Turkana ni kavu, maji hukauka upesi, na yanapokauka huondoka na joto. Mtungi hauwezi kufikia baridi ya friji, hilo lazima lisemwe. Hata hivyo, mnamo 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo ya uchunguzi ulioanzia hapa hapa Kenya, katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab. Walipima joto la ndani ya nyumba za wagonjwa, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wakaiweka insulini katika joto la namna hiyo kwa wiki 4. Haikupoteza nguvu kuliko ile iliyokaa kwenye friji. Hiyo si ruhusa ya kutupa friji, na mgonjwa afuate anachoambiwa na daktari wake. Kwa shangazi ilimaanisha jambo moja tu, kwamba alikuwa na siku za kusubiri fundi anayejua kazi. Mwenye haraka hukubali waya.

Mzee alifika siku ya nne, kofia kichwani, kigoda mkononi. Baada ya salamu na chai hakugusa friji. Alikaa akauliza. Inazima saa ngapi, Mwalimu? Mlango ukiwa wazi au umefungwa? Ilianza kabla ya mvua au baada ya mvua? Friji hii imekaa hapo hapo sikuzote? Hakuna aliyekuwa amemuuliza shangazi maswali hayo, na alipoanza kuyajibu, hata yeye alishangaa alivyojua mengi. Inazima zaidi usiku mlango ukifungwa. Inazima alasiri upepo ukianza. Ilianza baada ya mwezi ule gesi ilipokosekana, friji ikakaa bila kuwashwa. Na ndiyo, iliposimama waliisukuma hadi ukutani kupata nafasi, tena dirisha lililo nyuma yake likapigiliwa karatasi ya nailoni kuzuia vumbi.

Akaiwasha, akalala kifudifudi na kutazama moto kwa kioo kidogo cha kunyolea. Akaniita nami nitazame. Moto wa gesi ulio na afya ni wa buluu, umesimama, haupepesuki. Ule ulikuwa wa manjano, ukitikisika kama mkia wa mbwa, na ulikuwa umelalia upande, mbali na ncha ya themokapo. "Unaona?" alisema. "Moto unatafuta pumzi." Kisha akainuka, akapeleka kiganja juu ya dohani nyuma ya friji, pale hewa ya moto inapopaswa kutoka. Hapakuwa na kitu. Hata mvuke wa chai una nguvu zaidi.

Alifunga gesi kwenye mtungi, akasubiri chuma kipoe. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Hapakutoa mapovu, maana yake gesi haikuvuja. Akafunika kichomeo kwa karatasi ili uchafu usikiangukie. Ndani ya dohani ya friji kama hiyo huning'inia kipande cha bati kilichosokotwa, kazi yake ni kuchelewesha hewa ya moto ili iache joto mahali panapofaa. Alipokivuta kilikataa. Alipokivuta tena kilitoka pamoja na masizi, mchanga, na bonge la udongo mkavu lenye vyumba vidogo vidogo ndani yake. Nyigu! Mwezi ule friji ilipolala bila moto, nyigu wa udongo aliona shimo zuri la giza akajenga nyumba. Sijui kama msomaji ataniamini nikisema shangazi, aliyelipa themokapo mbili kwa pensheni yake, alicheka hadi akafuta machozi.

Dohani ilipigwa mswaki kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya mrefu hadi ikang'aa. Kile kitundu kinachopuliza gesi, chembamba kama unywele, hakukitoboa kwa sindano kama wengi wafanyavyo, kwa sababu kikipanuka hata kidogo moto huwa mkubwa na masizi hurudi. Alikiloweka katika spiriti na kukipuliza. Akavuta friji kutoka ukutani kiasi cha shubiri moja, akaweka sahani ya maji juu yake na kusogeza vipande vya bati chini ya miguu mpaka maji yakatulia sawa pande zote. Friji ya namna hii ikiinama, vimiminika vyake havitiririki vinavyotakiwa. Nailoni ya dirishani ikatoka, ukawekwa wavu.

Halafu akafanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Aliomba ile themokapo ya kwanza kabisa, iliyokuja na friji, ambayo kijana aliitupa kwenye kopo la misumari. Akaifunga, akawasha, akahesabu hadi 20, akaachilia. Moto ukabaki, wa buluu, umesimama wima. Akajaribu na ya pili. Ikashika. Themokapo zote tatu zilikuwa nzima tangu mwanzo.

Friji ya gesi haina haraka. Ilichukua usiku kucha, na asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 6. Yale maumivu ya kichwa ya asubuhi yalikoma wiki ile ile, sukari ikiwa haijabadilika. Amua mwenyewe.

Jioni hiyo mwanawe shangazi alipiga simu kutoka Minnesota, Marekani, anakofanya kazi ya uuguzi. Mamake alipomsimulia, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mama, hilo limenitokea hapa hapa Januari." Huko nyumba hupashwa joto na tanuri la gesi lililo chini ya nyumba au kabatini. Kabla tanuri halijawaka, feni ndogo huanza kuvuta hewa ili moshi upate njia ya kutoka nje. Feni inapovuta, mrija mwembamba wa mpira hupeleka mvuto huo kwenye swichi ya presha, kisahani chenye kiwambo ndani. Kiwambo kikivutwa, swichi hufunga mzunguko wa umeme, na ndipo gesi huruhusiwa. Hakuna mvuto, hakuna moto. Tanuri la binamu yangu lilikataa kuwaka usiku wa theluji, na jirani yake aliyejiita mjuzi alikuja na waya wake pia, aunganishe nyaya mbili za swichi ili tanuri lidanganyike. Waya ni ule ule, Minnesota na Lokitaung! Fundi halisi alipofika alikuta swichi haina kosa lolote. Theluji ilikuwa imeziba mdomo wa bomba la moshi nje ya ukuta. Akasema angekuta limeachwa wazi angetazama kama mrija wa mpira umepasuka, au kama maji yanayotoka kwenye tanuri yameziba njia yake, na swichi yenyewe angeishuku mwisho kabisa, tena baada ya kuipima.

Kuna tofauti, na mzee aliieleza vizuri kuliko ninavyoweza. Swichi ya presha hujua habari za pumzi. Themokapo hujua habari za joto tu. Friji ya shangazi ilijizima kwa sababu moto uliokosa pumzi uliegemea upande na ncha ikapoa. Ungekosa pumzi bila kuegemea, themokapo isingejua kitu, na moto ungeendelea kuwaka vibaya usiku kucha. Kwa hiyo hata mlinzi asiyezima usimwamini peke yake. Tazama rangi ya moto.

Wewe msomaji wa Nairobi, Mombasa au Nakuru huna friji ya gesi, lakini pengine una hita ya gesi ya kuogea, na jiko lenye oveni. Oveni nyingi zina themokapo hiyo hiyo. Hita ya kuogea ina kiwambo kinachosubiri presha ya maji kabla ya kuachilia gesi, na ikikataa kuwaka, mara nyingi ni chujio la maji lililojaa mchanga au tangi lililo chini mno. Isifungwe bafuni kusiko na njia ya moshi kwenda nje. Na fundi akija, sikiliza atakachoanza nacho. Akianza na maswali, mchemshie chai. Akianza na waya, mpe nauli yake arudi.

Mzee alikataa pesa zaidi ya nauli ya kutoka Kakuma, akakubali kilo mbili za sukari na majani ya chai. Alishauri dohani ifunikwe kwa wavu wa chuma kila friji inapozimwa kwa zaidi ya siku chache, na isafishwe kila mtungi wa tatu unapokwisha, kwani kuhesabu mitungi ni rahisi kuliko kukumbuka tarehe. Yule kijana wa simu na redio alikuja siku iliyofuata, bila kuitwa, akaomba aoneshwe jinsi kile kipande cha bati kinavyotolewa. Shangazi alimwonesha, kisha akamuuzia themokapo mbili zilizozidi, kwa bei ile ile aliyomlipisha.